Fungu la Kutupa

Ile rangi ya mdomo ilikuwa mpya kabisa. Plastiki yake ilikuwa bado imebana kifuniko, haijaguswa na ukucha wala wembe, na Kalunde mwenyewe ndiye aliyeichana kwa meno asubuhi hiyo ili aijaribu mkononi. Alipoizungusha, ncha ilitoka imelika. Ilikuwa imelika upande mmoja, kwa mshazari, kama rangi ya mtu aliyeitumia muda mrefu, tena mtu mwenye mdomo mpana.

Kalunde alicheka kwa pua. "Sasa wameanza kuniletea makombo," akasema, akaitupa kwenye ndoo.

Hakuwa na sababu ya kuifikiria zaidi, maana wiki hiyo yote ilikuwa ya kutupa. Chumba chake cha kazi, nyuma ya maduka ya Mwingi mjini, kilikuwa kimejaa vipodozi mpaka mlango haukufunguka vizuri. Kulikuwa na poda zilizopasuka, fondesheni zilizotengana mafuta na maji, penseli za wanja zilizokauka, kope za bandia zilizoshikana kama miguu ya mende. Kuanzia hapo Mwingi hadi kwao Nuu, msichana aliyetaka picha za harusi zenye maana alipelekwa kwa Kalunde, na Kalunde alimpokea kama mtu anayepokea kuku mgonjwa. Kazi aliijua, hilo hata waliomchukia walilikubali. Lakini hakuwahi kukutana na uso aliouheshimu. Mteja akishatoka, Kalunde alimchambua: huyu paji kama sinia, yule taya la punda, yule mwingine anaolewa kwa sababu bwana harusi hana miwani.

Basi alikuwa ametandika shuka sakafuni na kugawa mali yake mafungu matatu, ya kubaki, ya kugawa na ya kutupa. Fungu la kugawa lilikuwa la mdogo wake Kasyoki, mwalimu wa chekechea kule Nuu, ambaye kwa maoni ya Kalunde angepakwa poda iliyooza na bado aseme asante. Kasyoki alikuwa anaolewa Jumamosi na kijana mmoja aitwaye Musembi, fundi wa pampu za maji. Kalunde alikuwa amekubali kumpamba. Alisema itakuwa zawadi yake, na aliisema kwa namna ambayo Kasyoki aliona aibu kushukuru.

Vitu vichache katika fungu la kutupa havikuwa vya Kalunde. Meza yake ya kujipambia, ile yenye kioo kirefu, aliinunua kwa jirani yake Bushra, muuza mabuibui, baada ya kufariki kwa bibi yake Bushra aliyeitwa Mwanamisi. Watu wa Mwanamisi walitoka pwani zamani wakaja kufanya biashara Mwingi, wakabaki. Siku ya kuihamisha meza, Bushra alifungua droo ya chini kabisa, akaonyesha kidau kidogo cha shaba chenye wanja, kijiti chake, na chetezo cha kufukizia udi.

"Hivi vilikuwa vya bibi," Bushra alisema. "Nyumbani kwangu watoto wanashika kila kitu. Naomba vikae humu humu kwa droo yake. Na siku ukiona huvitaki, dada, niite. Usivitupe."

"Sawa," Kalunde alijibu, huku akiangalia simu.

Siku ya kupanga vitu alivikuta, akavinusa, akakunja uso. "Takataka za bibi kizee." Akafungua kidau, akatemea mate ndani ili aone kama wanja bado unashika, akaona haushiki. Akavitia vyote kwenye gunia la kutupa. Jioni gunia lilichomwa nyuma ya ploti pamoja na maganda na nepi, na moshi wake ulitoka mzito, ukarudi ndani kupitia dirishani hata Kalunde alipofunga.

Ilikuwa kesho yake ndipo ile rangi mpya ilipotoka imelika.

Siku iliyofuata aliingia chumbani akakuta vitu vyake vimepangwa upya. Havikuvurugwa. Kama vingevurugwa angelaumu paka. Rangi za mdomo zilikuwa zimesimama kwa utaratibu mzuri kuliko wa kwake, kuanzia iliyokolea hadi iliyopauka, brashi zimelala upande mmoja, na zile poda za bei ya chini alizokuwa akizipaka wateja huku akiwaambia ni za ng'ambo zilikuwa zimegeuzwa zikatazama ukuta. Baadhi ya vitu vya fungu la kubaki vilikuwa vimehamia kwenye fungu la kutupa. Ilikuwa kama mtu mwenye macho makali amepita akichagua, akivuta midomo.

Kulikuwa pia na harufu ya udi, na ndani ya ile harufu, kwa mbali, nywele zinazoungua.

Kalunde aliishi peke yake na ufunguo ulikuwa mmoja. Alibadilisha kufuli. Kesho yake fungu la kutupa likawa kubwa zaidi. Safari hii palikuwa na kitana chake, mswaki wake, wigi lake la kwenda kanisani, na picha yake kubwa ya ukutani, ile aliyopigwa amejipamba, imelazwa kifudifudi. Akavirudisha kila kimoja mahali pake akitukana kwa sauti, maana kutukana kulimpa nguvu. "Kama ni wivu, toka tuonane!" alipiga kelele. Kwenye kioo kirefu, ukungu wa pumzi ulitokea upande wa ndani, ukakaa kidogo, ukafutika polepole.

Mchana wa siku hiyo joto la Mwingi lilikuwa la kuua, mabati yanalia, barabara haina mtu, na Kalunde aliingia chumba cha kulala akajitupa kitandani, mlango ameukomea, pazia ameliteremsha, akasinzia akisikia redio ya duka la mbele. Aliposhtuka redio ilikuwa imenyamaza, na alichokisikia badala yake ni mkono unaopanguza kitu taratibu, kikopo kwa kikopo, kichupa kwa kichupa, na kila kikipanguzwa kuna sauti ndogo ya mwanamke mzima anayefyonya, tc, tc, kisha kimya, kisha mkono tena, na harufu ya udi imejaa mpaka koo linawasha, na alipotaka kuinuka aligundua kwamba chini yake hapakuwa na godoro bali vitu vinavyochoma mgongo, vifuniko, vijiti, chupa, kwa sababu hakuwa tena kitandani wala katika chumba kile, alikuwa amelala chali sakafuni kwenye chumba cha kazi, mikono imenyooshwa ubavuni, juu ya shuka, katikati ya fungu la kutupa.

Alikimbia nje bila viatu.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Waliomzunguka wote alikwisha kuwaona wapumbavu. Alimpigia simu mchungaji wa kanisa lao, Mulinge, akasema tu kwamba nyumba inahitaji maombi ya kawaida. Mulinge alifika na spika ya magurudumu na maikrofoni, akaomba kwa nguvu mpaka wenye maduka wakatoka kuangalia. Kalunde alikuwa amesimama pembeni amefumba macho. Ghafla alipiga mwayo mrefu, kisha kinywa chake kikasema, kwa Kiswahili ambacho hakuwahi kukizungumza maishani:

"Baba, wapiga kelele kama mwuza samaki, na samaki mwenyewe huna. Mlango ndio ule. Kokota sanduku lako."

Mulinge alishusha maikrofoni. Alimjua Kalunde tangu utotoni, alijua anavyosema "hii kitu" na "ile watu" kama wao wote. Aliangalia mdomo wake, akazima spika, akaikokota.

Ijumaa alfajiri Kalunde angeweza kumpigia mdogo wake simu na kumwambia atafute mtu mwingine. Aliishika simu. Halafu akawaza jinsi watu wa Nuu watakavyosema, kwamba Kalunde anayewacheka watu sasa amepagawa, akairudisha mezani. Alijiambia ataweza kubana mdomo kwa saa moja.

Jumamosi Kasyoki alifika mapema, amebeba gauni lake kwa mfuko, uso umeoshwa, macho hayajalala kwa furaha. Gari la kumrudisha Nuu kanisani lilisubiri barabarani.

"Kalu, mbona umekonda hivi?" alinong'ona. "Na hii ni harufu gani?"

"Keti."

Kasyoki aliketi mbele ya kile kioo. Kalunde alianza kazi, na kwa muda kidogo mambo yalikwenda. Alipochukua wanja, mkono ukawa mzito, halafu ukawa mwepesi, mwepesi mno, ukaanza kwenda wenyewe.

"Uso huu," kinywa chake kikasema polepole, "kuupamba ni sawa na kupaka choo chokaa. Watu wataona weupe, na harufu itabaki."

"Kalu?"

"Wadhani akupenda? Yule kijana alitaka mwanamke asiyeuliza maswali, akakuona wewe, umekaa kama kiti. Tangu utotoni u kiti. Watu wakukalia nawe washukuru."

Macho ya Kasyoki kwenye kioo yakamtafuta dada yake, yakamkuta anatabasamu. Kalunde aliliona lile tabasamu kwenye kioo pia. Ndani yake alikuwa akipiga mayowe, akijaribu kuvuta mkono, lakini mkono uliendelea, ukachora mstari mweusi kutoka kona ya jicho la Kasyoki hadi sikioni, ukarudi, ukashuka shavuni, ukapinda juu ya mdomo kiasi kwamba bibi harusi alionekana kama mwanamke anayeangalia mavi aliyoyakanyaga, na kila alipolia mstari haukulowana, na alipopangusa kwa kitambaa haukutoka, na alipomwaga mafuta, akasugua kwa sabuni mpaka ngozi ikaanza kutoa damu, ule weusi uling'aa tu, na uso ule mpole wa mwalimu wa chekechea ukabaki unamdharau kila aliyeutazama.

"Nitaendaje kanisani hivi?" Kasyoki aliuliza kwa sauti ya mtoto. "Kalu, nitaendaje?"

Hakwenda. Alijifunika shuka kichwani akalala kwenye kona ya chumba kile, na kule Nuu watu walioketi kanisani waliambiwa bibi harusi ni mgonjwa. Musembi alikuja na pikipiki mchana. Kasyoki alikataa kumfungulia. Alizungumza naye kupitia mlangoni, akamwambia arudi nyumbani, asimwone.

Bushra ndiye aliyeingia. Alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake tangu asubuhi, akinusa hewa. Alimtazama Kalunde, aliyekuwa amekaa chini amejishika mdomo kwa mikono yote miwili, akauliza kwa sauti ya chini sana:

"Dada, vile vitu vya bibi viko wapi?"

Kalunde aliitoa mikono mdomoni.

"Umevitupa?"

"Nilichoma." Sauti ilikuwa yake mwenyewe, ya kawaida, na ilikuwa imekwisha nguvu. "Nilitemea mate ndani ya kile kidau, halafu nikachoma."

Bushra alifunga macho. "Bibi alikuwa na mgeni, jini wa ukoo," alisema. "Alimrithi kwa mamake. Kila Ijumaa alimfukizia udi, akamtilia wanja, akamwongelesha vizuri, na yule mgeni alikaa kwa droo yake kwa adabu. Sisi tulikuwa tunasikia tu akifyonya, tukijua chakula kimeungua. Kwa nini hukuniita?"

"Niliona ni uchafu."

"Uliona sisi ni uchafu," Bushra alisema, bila hasira, akatoka.

Alirudi na mjomba wake, Mwalimu Faki, mzee mfupi aliyefundisha watoto madrasa na kutengeneza redio. Hakuleta ngoma wala vitisho. Alimwomba Kasyoki atoke akae uani kwa Bushra, akafunga mlango, akawasha udi kwenye kikombe cha chuma, akaketi sakafuni akasoma kwa utulivu. Bushra aliketi nyuma yake. Nje jua lilikuwa bado linawaka, lakini chumbani kioo kilianza kujaa ukungu kwa ndani, vichupa vikaanza kugongana mezani, na Kalunde alihisi kidevu chake kikiinuliwa juu, kama vile yeye alivyozoea kuinua videvu vya wateja ili aone kasoro zao vizuri.

"Faki," kinywa chake kikasema. "Umezeeka vibaya."

"Alhamdulillahi, nimezeeka," Mwalimu Faki alisema. "Bibi, umeudhiwa, nasi twajua. Twakuomba radhi. Mtoke mwanamke huyu kwa amani, nasi tutakutafutia pahala pako."

Kikasikika kicheko, kirefu, kikavu. "Nimtoke? Nilimwingia lini? Wanionaje, Faki, mimi wa kulala popote? Nilikuja hapa na hasira, naapa, nikitaka nimkalie mpaka afe. Nikasimama mlangoni nikachungulia ndani. Mna mwenyewe humo. Tena mwenyewe mkali kuliko mimi."

Mwalimu Faki aliacha kusoma.

"Yale maneno aliyomwambia mdogo wake, wadhani yangu? Yule msichana simjui, sina kisa naye. Nilimkuta huyu ameyapanga ndani, moja moja, miaka na miaka, kama hizi rangi zake, la kila mtu na droo yake. Nimemtafutia la mdogo wake, nimemfungulia mdomo, basi. Na wanja nimeuchora kwa sura yake yeye, anavyowatazama watu. Nimechoka kumwona. Fungua mlango niende kwangu. Nyumba hii yanuka."

Bushra alifungua mlango. Hakuna kilichopita ambacho jicho lingekiona, ila pazia lilijivuta pembeni kwa madaha, kama mtu anapolishika kwa ncha za vidole asichafuke. Harufu ya udi ilikatika mara moja. Kalunde alianguka kifudifudi.

Uani Kasyoki alisikika akipiga kelele, na safari hii ilikuwa ya furaha. Maji ya kwenye karai alilokuwa akinawia yalikuwa yamegeuka meusi. Alijipangusa kwa leso na uso wake ukatokea, mwekundu kwa kusuguliwa, mpole kama kawaida.

Mwalimu Faki alijiinua kwa shida. "Amekwenda," alisema. "Hatarudi. Hilo mshukuru Mungu." Alionekana anataka kuongeza neno, akamtazama Kalunde, akaona afadhali aende kuswali.

Kalunde alimshika Bushra upindo wa buibui. "Tafadhali. Usimwambie Kasyoki yale jini alisema."

"Si kazi yangu," Bushra alisema, akajitoa mkononi mwake. "Utamwambia wewe."

Harusi iliahirishwa ikawekwa upya, na Musembi, ambaye Kalunde alikuwa akimwita fundi mabomba, hakudai maelezo. Alisema bibi harusi akiugua unangoja apone. Kalunde alitupa vingi wiki hizo. Chumba kikabaki na meza ya kawaida, kioo kidogo cha mkononi na mkoba mmoja wa vifaa, na kila asubuhi kila kitu kilikuwa pale pale alipokiweka jana yake. Alilala vizuri. Watu walisema amepona, na yeye mwenyewe alisema hivyo.

Asubuhi ya harusi ya pili, Kasyoki alikuja tena. Wenzake walikuwa wamemkataza. Alisimama mlangoni kwanza, akanusa. Palinuka sabuni tu.

"Kalu," alisema, "nataka kukuuliza kitu moja, halafu sitauliza tena. Yale maneno ya ile siku. Ni yule jini alikuwa anasema, ama ni wewe?"

Kalunde alikuwa ameyapanga majibu mengi. Alimwangalia mdogo wake, lile paji, yale mashavu yaliyokwaruzwa na kuanza kupona, yale macho yanayongoja.

"Ni jini," alisema.

Kasyoki alipumua mpaka mabega yakashuka. "Nilijua. Nilimwambia Musembi, dadangu hawezi." Akaja akaketi, akafumba macho, akainua uso wake wote, wazi, kama mtoto anayepanguswa pua.

Kalunde akachukua brashi. Mkono wake ulikuwa wake. Dirisha lilikuwa wazi, kuku wanaparua nje, jua limejaa chumbani, hakuna udi, hakuna ukungu, hakuna wa kufyonya. Na polepole, kwa Kikamba cha Nuu, kile walichokunywa pamoja na maziwa ya mama yao, neno la kwanza likapanda kifuani, likafika kooni, na nyuma yake jingine, na nyuma yake mengine, yakijipanga.

Alibana meno.

"Mbona umesimama?" Kasyoki aliuliza, macho bado amefumba, akicheka kidogo. "Umeona nini?"

"Usisonge," Kalunde alisema. "Usiongee. Nitakuharibu."